Andika Kabla Hujashika Simu

Ndugu yangu mdogo hupiga kelele usingizini. Hatamki maneno, ni sauti ya mtu anayeita akiwa ndani ya pipa. Tunaishi pamoja Pipeline, chumba kimoja chenye pazia katikati, kwa hivyo akiita mimi huamka. Asubuhi nikimuuliza ameota nini, ananiangalia kama mtu aliyeombwa pesa. "Mimi siotangi," anasema. Anakunywa chai akiwa amesimama, anafunga kamba za viatu, anatoka.

Mambo haya yalianza Juni 2024. Tarehe 25 mwezi huo alikuwa mjini pamoja na vijana wengine wa rika letu, siku ambayo waandamanaji waliingia Bungeni na watu wakapigwa risasi barabarani. Alirudi usiku na kiatu kimoja. Mama alipopiga simu kutoka Mombasa tulimwambia tuko salama, na kweli tulikuwa salama. Hakuna aliyeuliza kiatu cha pili kilienda wapi. Hata mimi sikuuliza.

Nilianza kusoma kuhusu kukumbuka ndoto kwa sababu ya hilo neno lake moja, "siotangi". Nilitaka kujua kama linawezekana. Na kusema ukweli, hata mimi nilikuwa naamka kichwa kikiwa kitupu kama sufuria iliyooshwa, kwa hivyo niliamua kujijaribu kwanza kabla ya kumsumbua mwenzangu. Vitabu viwili ndivyo vilivyobaki nami. Kimoja kilitoka mwaka wa 1927, kingine 1966. Cha kwanza kinafundisha jinsi ya kukumbuka. Cha pili kilinifanya niulize swali ambalo cha kwanza hakigusi kabisa: ukishaikumbuka ndoto yako, utampa nani?

Kwanza tumalize hii ya "siotangi". Mwaka wa 1953, mjini Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walitangaza kwamba kuna vipindi vya usingizi ambapo macho ya mtu huenda mbio chini ya kope. Miaka minne baadaye, Kleitman akiwa na William Dement, waliwaamsha watu katikati ya vipindi hivyo mara 191. Mara 152, aliyeamshwa alikuwa na ndoto ya kusimulia. Hiyo ni karibu asilimia 80. Walipowaamsha nje ya vipindi hivyo, mara 160, ndoto zilipatikana mara 11 tu, ingawa watafiti waliokuja baadaye walipata nyingi zaidi hata huko. Kwa hivyo msee akikuambia haoti, kuna uwezekano mkubwa kwamba anaota kila usiku na ndoto inamponyoka kabla hajaijua.

Vipindi hivyo huja kila baada ya dakika 90 hivi, na hurefuka kadiri kunavyokaribia kupambazuka. Sasa hesabu mwenyewe. Mtu wa Pipeline au Rongai anaweka alamu saa kumi na nusu alfajiri ili apande matatu kabla nauli haijapanda. Alamu hiyo inakata usingizi pale pale ambapo ndoto ndefu zilikuwa zinaanza kunoga. Halafu kabla hajageuza shingo, simu iko mkononi: nani amejibu, nani ameposti, nani amekufa. Dakika ya kwanza ya siku, ambayo ndiyo pekee ndoto ilikuwa inaihitaji, imeshachukuliwa.

Kuna jambo jingine lililonichekesha. Watafiti wa Lyon, Ufaransa, walichapisha mwaka wa 2014 matokeo kwamba watu wanaokumbuka ndoto sana huwa macho usiku kwa muda unaokaribia mara mbili ya wale wasiokumbuka. Ubongo uliolala hauhifadhi vizuri. Unahitaji kushtuka kidogo ndipo ushike kinachopita. Yaani yule anayelala usingizi wa pono huamka mikono mitupu, na yule anayeamshwa na mbwa wa ploti, mtoto wa jirani na adhana huamka na hadithi. Kumbe zile kelele za ndugu yangu zilikuwa zinanisaidia mimi, si yeye.

Haya, vitabu sasa.

Cha 1927 kinaitwa An Experiment with Time, na mwandishi wake ni J. W. Dunne, mwanajeshi na mhandisi wa Uingereza aliyeunda ndege zisizo na mkia. Ukikinunua kwa ajili ya nadharia yake utachoka. Dunne aliamini kwamba ndoto huchanganya yaliyopita na yajayo, na anatumia kurasa nyingi zenye michoro kueleza kwamba wakati una tabaka juu ya tabaka. Nilizisoma zote, na sitakudanganya kwamba nilizielewa zote. Lakini katikati ya kitabu kuna kurasa chache anazomwelekeza msomaji jinsi ya kunasa ndoto, na hizo zimeandikwa na mtu anayejua kazi yake.

Weka daftari na kalamu chini ya mto, anasema. Ukizinduka, hata kabla hujafungua macho, anza kuitafuta ndoto. Mara nyingi utapata tukio moja tu, dogo, lisilo na kichwa wala miguu. Usilidharau na usikimbilie lingine. Lishike hilo hilo, litazame, uliandike kwa maneno machache, na ukiliangalia litaanza kuvuta mengine nyuma yake. Na ukikosa kabisa? Hapa ndipo Dunne alinikamata. Usijiulize umeota nini. Jiulize: nilikuwa nafikiria nini nilipozinduka? Maana wazo lile la kwanza halikutoka hewani. Lina mkia, na mkia uko upande ule mwingine wa usingizi.

Nilinunua daftari la kurasa 96, lile la shule, nikaanza. Wiki ya kwanza inasomeka hivi. Jumatatu: hakuna. Jumanne: hakuna. Jumatano: harufu ya mafuta taa. Alhamisi: nilishika simu, mjinga mimi. Ijumaa: mtu alinipa chenji nyingi kupita kiasi. Wiki ya pili nilihamisha simu nikaiweka juu ya kabati, mbali na mkono, na nikajizoesha kulala bila kujigeuza kwa dakika moja baada ya kuzinduka, maana niligundua nikibadilisha ubavu ndoto inamwagika. Wiki ya tatu nilijaza nusu ukurasa. Kufikia mwezi wa pili nilikuwa na ndoto tatu nne kwa wiki, zenye tarehe, na nyingine zenye watu ambao sikuwa nimewafikiria tangu darasa la sita.

Kwa hivyo mbinu inafanya kazi. Tatizo la Dunne ni kile anachotaka kuifanyia. Yeye anakumbuka ili ashinde mabishano. Kila ndoto anaipeleka mahakamani: je, jambo hili lilitokea baadaye? Ikiwa halikutokea, anapoteza hamu nayo. Ushahidi wake maarufu zaidi ni wa mwaka wa 1902. Alikuwa Afrika Kusini na jeshi la Uingereza wakati wa vita vya Makaburu. Akaota yuko kwenye kisiwa kinachokaribia kulipuka, anahangaika kuwaomba maofisa wa Kifaransa watume meli, akipiga kelele kwamba watu 4,000 watakufa. Gazeti lilipomfikia lilikuwa na habari za volkeno ya Pelée, kisiwani Martinique. Akasoma idadi ya waliohofiwa kufa: 4,000. Akaisimulia hadithi hiyo kwa miaka. Kama miaka 15 baadaye alipokuwa akiinakili ile habari ndipo aliona vizuri: gazeti lilikuwa limeandika 40,000.

Heko kwake kwa kuuchapisha mkosi wake mwenyewe, wengi wangeuzika. Lakini tazama anavyoutumia. Anasema kosa hilo linaonyesha kwamba aliota lile gazeti na wala si mlipuko wenyewe. Mimi nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Kwangu kosa hilo linasema jambo rahisi zaidi na la kutisha zaidi: mtu akiwa macho, mwenye akili timamu, gazeti mkononi, anaweza kusoma kile ambacho tayari amekiamini, na asijue kwa miaka 15. Sisi tunaosema ndoto ndizo za uongo, tumejichunguza jinsi tunavyosoma tukiwa macho?

Mwaka wa 1964 Vladimir Nabokov, akiwa Montreux, Uswisi, aliamua kumjaribu Dunne. Kila asubuhi aliandika ndoto zake kwenye kadi ndogo, akaendelea hivyo kwa kama siku 80. Kadi hizo zilichapishwa mwaka wa 2018 katika kitabu kiitwacho Insomniac Dreams. Anayekisoma leo hakifungui kwa sababu ya nadharia ya wakati. Anazifuata kadi: mzee asiyepata lepe la usingizi, anaamka, anaandika, analala tena. Nadharia imezeeka, rekodi bado inasomeka.

Labda unauliza, mbona nimeenda hadi Uswisi na lugha yetu imejaa ndoto? Imejaa, ndiyo, lakini angalia ni za aina gani. Tukitaka kumcheka mtu tunasema ana ndoto za Alinacha. Alinacha ni yule jamaa wa Alfu Lela Ulela mwenye kikapu cha vyombo vya kioo: alijiwazia utajiri, akajiwazia mke, akampiga teke mke wa mawazoni, na kikapu kikavunjika. Lakini Alinacha hakuwa amelala! Alikuwa macho sokoni. Tumechukua kosa la mtu aliye macho tukalibandika kwa wanaolala. Na siku hizi neno lenyewe limenyakuliwa na wahamasishaji: timiza ndoto yako, fuata ndoto yako, usiache mtu aue ndoto yako. Ndoto imekuwa mpango wa biashara. Ile ya usiku, yenye harufu ya mafuta taa na chenji nyingi, imebaki bila neno lake.

Riwaya nazo? Katika nyingi tulizosomeshwa shuleni, mhusika huota ndoto iliyopigwa pasi. Sura ya tatu anaota nyoka, sura ya saba anasalitiwa. Anakumbuka kila kitu kwa mpangilio, mpaka rangi ya kitambaa cha aliyemsaliti. Mwandishi ametumia usingizi kama bahasha ya kutuma ujumbe. Ndoto inayonikaa zaidi katika fasihi yetu ni ya Wariinga katika Shetani Msalabani ya Ngũgĩ wa Thiong'o, riwaya aliyoiandika kwa Kikuyu kwenye karatasi za choo akiwa kizuizini Kamiti mwaka wa 1978. Tangu akiwa mwanafunzi Nakuru, Wariinga huota watu waliovaa matambara wakimsulubisha Shetani, na baada ya siku tatu wenye suti na tai wanakuja kumshusha. Ni ndoto yenye ujumbe, bila shaka, na ujumbe wenyewe hauna haya. Lakini inaaminika kwa sababu mbili. Inajirudia, kama jinamizi la kweli linavyojirudia. Na imeshonwa kwa vitambaa ambavyo msichana yule aliviona kwa macho yake, zile picha za kanisani, ila zimegeuzwa ndani nje. Ndivyo ndoto zinavyofanya. Daftari langu lilinifundisha hivyo kabla sijarudi kwa Wariinga.

Sasa nije kwa nyanya yangu, kwa sababu bila yeye sikuwa nimejiandaa kwa kitabu cha pili.

Likizo tulizifanya kwake Majengo, Mombasa. Asubuhi ukimwamkia na kuanza, "Nyanya, nimeota...", alikuwa anainua mkono kabla hujafika mbali. "Nzuri au mbaya?" Ikiwa nzuri: "Mwambie akupendaye." Ikiwa mbaya: "Tema upande wa kushoto mara tatu, omba ulinzi wa Mungu, na usimwambie mtu." Ni adabu ambayo Waislamu wengi wa pwani wamelelewa nayo. Tukiwa watoto tuliona ni njia ya kutunyamazisha. Nilipokuwa na miaka kumi na tano niliamua kabisa kwamba ni ushirikina, na nikaacha kusimulia ndoto zozote, nzuri na mbaya, kwa yeyote. Nadhani ndugu yangu alifanya vivyo hivyo. Ukiacha kusimulia, baada ya muda hakuna sababu ya kukumbuka.

Nikiwa na hilo akilini nilifungua kitabu cha 1966. Kwa Kijerumani kinaitwa Das Dritte Reich des Traums, na tafsiri mpya ya Kiingereza ya Damion Searls ilitoka 2025 kwa jina The Third Reich of Dreams. Aliyekiandika ni Charlotte Beradt, mwandishi wa habari Myahudi aliyeishi Berlin wakati Hitler alipochukua madaraka mwaka wa 1933. Mwaka huo alianza kuota anawindwa. Akaamka akajiuliza: ni mimi peke yangu? Akaanza kuuliza watu. Mshonaji wake, jirani, shangazi, muuza maziwa, rafiki. Daktari mmoja akamsaidia kwa kuwauliza wagonjwa wake. Alikusanya ndoto za watu kama 300 mpaka alipotoroka nchi mwaka wa 1939.

Alikuwa anazificha ndani ya majalada ya vitabu, na kuzituma kwa barua kwenye nchi za nje. Na aliziandika kwa mafumbo: chama kilikuwa "familia", Hitler alikuwa "mjomba Hans", kukamatwa kulikuwa "mafua". Fikiria barua inayosema mafua yameenea, mjomba Hans hana raha na familia.

Ndoto zenyewe hazisahauliki. Mwenye kiwanda anaota Goebbels amekuja kiwandani. Inamchukua nusu saa kuinua mkono wake kutoa saluti, inchi kwa inchi, mbele ya wafanyakazi wake. Akifanikiwa, Goebbels anamwambia hataki saluti yake, anaondoka. Daktari anaota amejilaza anasoma kitabu cha sanaa, mara kuta za nyumba yake zinatoweka, za jirani pia, na kipaza sauti kinatangaza amri ya kufuta kuta. Mwanamke anaota jiko la nyumbani kwake limeanza kusema, likirudia kila neno ambalo familia imewahi kulisema dhidi ya serikali. Mwingine anaota maumbo matupu, pembetatu, mistatili, kwa sababu ndani ya ndoto anajua kwamba kuota kumekatazwa.

Beradt hafasiri. Hii ndiyo nguvu ya kitabu. Hakuambii jiko ni mama na ukuta ni utoto. Anaziweka ndoto karibu karibu, anakuachia uone kwamba mshonaji na daktari, ambao hawajuani, wameota nyumba moja. Baada ya mwezi wa kusoma Dunne, nilihisi kama mtu ametoka mahakamani akaingia sebuleni.

Na wale watu walikumbukaje? Kitabu hakina hata ukurasa mmoja wa mbinu. Hakuna daftari chini ya mto. Walikuwa na hofu ya kutosha kuwaamsha usiku, hilo ni kweli. Lakini pia walikuwa na mtu aliyeuliza. Ndoto ikijua kuna mtu atakayeisikiliza asubuhi, haikimbii haraka vile. Nimeliona hili kwangu mwenyewe: wiki ambazo rafiki yangu wa kazini alikuwa ananiuliza "leo ulipata nini?", daftari lilijaa. Alipoenda likizo, lilikauka.

Lakini nina ugomvi na Beradt, na nimekaa nao muda. Wa kwanza ni kwamba aliacha nje ndoto za vurugu za mwili, akiona kwamba hofu ya kupigwa na kuuawa ni ya zamani na haina jipya la kusema kuhusu utawala ule. Naelewa hoja. Inakifanya kitabu kiwe safi, karibu cha kupendeza: jiko linalosema, kuta zinazoyeyuka. Ila yeye mwenyewe alianza kwa kuota anawindwa. Ndoto iliyomwamsha ilipaswa kubaki nje ya mlango wa kitabu chake. Mtu anayepiga kelele kama yuko ndani ya pipa, angepata nafasi humo? Sidhani.

Ugomvi wa pili ni mzito zaidi. Mara nyingi Beradt hakuwaambia watu kwa nini anauliza. Alitaka majibu yasiyopambwa, na katika Berlin ile kueleza kungeweza kumponza kila mtu. Sawa. Lakini matokeo yake ni kwamba muuza maziwa alisimulia jinamizi lake kwa mteja, na miaka 30 baadaye linaweza kuwa kwenye maduka ya vitabu bila yeye kulijua. Kitabu kinachohusu watu walionyang'anywa hata faragha ya usingizi kimejengwa, kwa sehemu, na faragha iliyochukuliwa kimya kimya. Sisemi Beradt alikosea. Nasema gharama hiyo imo ndani ya kitabu na lazima tuihesabu tunapokisifu.

Hapo ndipo nilipomwelewa nyanya. Adabu yake haikuwa ya kuwaziba watoto midomo. Ilikuwa inauliza: nani atashika hii ndoto yako? Mwambie akupendaye. Usimwage kwa kila mtu, maana atakayeipokea anaweza kukutafsiria vibaya, akakutisha, akakutoza pesa, akakupeleka kwa wenye nguvu. Beradt na mafua yake na mjomba Hans, angekaa vizuri sana na nyanya barazani. Wangetofautiana kwenye ndoto mbaya tu. Nyanya angesema itemee mate uiache. Beradt angesema ifiche ndani ya jalada la kitabu, siku yake itafika. Mimi, na hili nimelifikia polepole, niko upande wa Beradt kwenye kuiandika na upande wa nyanya kwenye kuchagua wa kumwambia.

Kwa sababu hiyo sikushauri utumie programu za simu za kuandikia ndoto. Nilijaribu moja kwa siku nne. Unaisimulia kwa sauti, inaandika, kisha papo hapo inakuambia maana yake: maji ni hisia, jino ni wasiwasi. Ni kosa la riwaya zetu lile lile, la kupiga pasi, sasa likifanywa kwa kasi. Lakini kilichonifanya niifute ni lile jiko la Berlin. Kifaa ndani ya nyumba, karibu na mto, kinachosikiliza, na kinachoweza siku moja kurudia ulichosema. Yule mwanamke aliota jiko hilo utawala ule ulipokuwa bado mchanga. Mimi nimelilipia kwa bando langu mwenyewe. Daftari la kurasa 96 haliripoti kwa mtu.

Jumapili moja stima zilikuwa zimepotea tangu usiku na simu zote zilikuwa zimezima. Hakukuwa na alamu. Ndugu yangu alizinduka jua likiwa limeshaingia, akabaki amelala chali, hana cha kushika. Sikumuuliza ameota nini. Nilimuuliza swali la Dunne, kutoka upande wangu wa pazia: "Ulikuwa unafikiria nini ulipofungua macho?"

Akanyamaza kiasi cha mimi kudhani amelala tena.

"Ngazi," akasema.

"Ngazi gani?"

"Sijui. Zilikuwa zimelowa."

Halafu akaendelea. Aliongea kama dakika kumi, akisimama, akirudi nyuma, akisema "hapana, ngoja, hiyo ilikuwa baadaye". Alipomaliza akaniuliza kama nitaandika. Nikamwambia la. Kwenye daftari langu tarehe hiyo ipo na mstari mmoja tu, unaosema kwamba amesimulia. Ngazi zilizolowa nimeziweka hapa kwa ruhusa yake. Zilizobaki ni zake. Bado anapiga kelele usiku. Sijasema kwamba kukumbuka kunaponya, na wala Dunne, Beradt na nyanya hawakuniahidi hivyo.

Kabla sijatuma makala haya nilimsomea mwanzo wake. Nilikuwa nimeandika kwamba sauti yake ni ya mtu anayeita kutoka kisimani. Akafikiria kidogo, akasema, "Si kisima. Ni pipa." Nikarekebisha.